Kutoka Marere ya Pwani hadi Namba 7

Katika karne ya 19, meli zilizotia nanga Unguja zilipakia pembe za ndovu, karafuu, na kitu kingine ambacho leo wengi wamekisahau: marere. Ni kuvumwani inayoota kwenye miti na miamba ya pwani, na Wazungu waliinunua kwa sababu ya rangi yake ya zambarau ya kutilia vitambaa. Ukoo huohuo wa Roccella ndio uliotoa litimasi, rangi inayogeuka nyekundu kwenye asidi na buluu kwenye besi. Aliyesoma kemia ya kidato cha kwanza ameshika karatasi yake.

Kabla ya hapo kipimo kilikuwa ulimi. Siki ni kali, ndimu ni kali, basi ni asidi. Mwaka 1664 mwanasayansi Robert Boyle alieleza jinsi sharubati ya urujuani inavyogeuka nyekundu kwa asidi na kijani kwa alkali. Ulimi ukapumzika, lakini rangi haikusema sababu. Mfaransa Antoine Lavoisier aliamini kwamba oksijeni ndiyo huleta uchachu, hata akaipa jina lenye maana hiyo. Mnamo 1810 mkemia Mwingereza Humphry Davy akaonyesha kwamba asidi ya haidrokloriki haina oksijeni hata chembe. Jina la oksijeni lilibaki, kosa likiwa ndani yake.

Sababu ilikuwa majini.

Mwaka 1884, Svante Arrhenius, kijana wa miaka 25, aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Alihangaishwa na jambo la wazi kabisa: chumvi kavu haipitishi umeme, maji safi hupitisha kwa shida mno, lakini ukikoroga chumvi kwenye maji, umeme unapita. Jibu alilolifikisha ukingoni mwaka 1887 ni kwamba chumvi ikiyeyuka hutengana kuwa ayoni, chembe zenye chaji, hata kabla ya kuunganishwa na betri. Walimu wake hawakuridhika. Tasnifu ilipewa daraja la chini, kiasi cha kumfungia njia ya kufundisha chuoni. Aliyeiona thamani yake ni mkemia Wilhelm Ostwald wa Riga, ambaye alifunga safari hadi Uppsala kuonana naye. Mwaka 1903 Arrhenius alipokea Tuzo ya Nobel ya kemia kwa wazo lilelile. Ni vigumu kusoma habari hiyo bila kujiuliza ni vijana wangapi hawakupata Ostwald wao.

Kwa Arrhenius, asidi ni kitu kinachotoa ayoni za haidrojeni kwenye maji, na besi hutoa haidroksidi. Zikikutana, huzaa maji.

Zilizobaki ni hesabu, nazo zilifanyika kwenye maabara ya kiwanda cha bia. Katika Maabara ya Carlsberg, Copenhagen, Søren Sørensen alichunguza vimeng'enya, ambavyo kazi yao hubadilika sana asidi ikizidi au ikipungua. Ayoni alizopima zilikuwa chache mno: katika maji safi yenye nyuzi 25 za Selsiasi, moli 0.0000001 tu kwa lita. Mwaka 1909 alizihesabu sifuri kwa njia ya vipeo, na namba hiyo ndefu ikawa 7. Ndiyo pH. Kila hatua moja ni mara 10, kwa hiyo maji ya ndimu yenye pH karibu na 2 yana ayoni za haidrojeni mara 100,000 ya zile za maji safi.

Magadi yalibaki kuwa kitendawili. Ziwa Natron la Tanzania, lenye magadi tele, lina pH inayozidi 10, dalili ya besi, ilhali magadi yenyewe hayana haidroksidi ya kutoa. Mwaka 1923 Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza, kila mmoja peke yake, walisema besi ni kinachopokea ayoni ya haidrojeni. Magadi huipokea kutoka kwa maji yenyewe, na maji yanabaki na haidroksidi. Utelezi wa magadi vidoleni unatokana nayo.

Kwa upande wa upimaji, litimasi nayo ilikwama mbele ya malimau. Huko California, katika miaka ya 1930, mkemia wa kampuni ya matunda alishindwa kupima juisi kwa sababu salfa dioksidi iliyohifadhi juisi hiyo ilifubaza rangi ya karatasi. Rafiki yake, Arnold Beckman, alimtengenezea mwaka 1934 mashine yenye elektrodi ya kioo na vali za redio, iliyosoma pH kwa mshale.