Kipimo Kilichotangulia Mashine

Hoja moja husikika mara kwa mara, darasani na hata katika semina za watumishi wa umma: kwamba kompyuta haina kabila, rangi wala jinsia, hivyo uamuzi wake ni wa haki kuliko wa binadamu. Naipinga hoja hiyo kwa ushahidi wa historia. Upendeleo tunaoulalamikia leo katika akili mnemba ulikuwapo ndani ya vifaa vya kupigia picha kabla kompyuta haijafika mezani petu.

Tuanze na filamu ya rangi. Kuanzia miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ilizipatia maabara za kusafisha picha kadi ya mfano yenye sura ya mwanamke Mzungu, iliyokuja kuitwa "Shirley". Fundi alirekebisha rangi mpaka ngozi ya Shirley ikae sawa. Hapo kazi ilihesabiwa kuwa imekamilika. Mtu mweusi aliyepigwa picha pamoja na Wazungu aliweza kutokea kama kivuli chenye macho na meno. Utafiti wa Lorna Roth, msomi wa Kanada, unaonesha kwamba msukumo mmojawapo wa kuiboresha filamu ulitoka kwa watengenezaji wa samani na chokoleti, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutokea vizuri. Haikuhitajika njama yoyote ili watu weusi wasahauliwe. Ilitosha kwamba waliochagua kipimo walifanana nacho.

Kasoro hiyohiyo ilihamia katika kompyuta. Joy Buolamwini, mtafiti mwenye asili ya Ghana aliyekuwa MIT nchini Marekani, aligundua kuwa programu aliyoitumia haikuutambua uso wake mpaka alipovaa kinyago cheupe. Mwaka 2018, yeye na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, walichapisha matokeo ya kupima mifumo ya IBM, Microsoft na Face++ inayokisia jinsia ya mtu kwa kutazama uso wake. Walitumia picha za wabunge 1,270 kutoka Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Iceland, Ufini na Uswidi. Kwa wanaume weupe, kiwango cha makosa hakikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi kilifika hadi asilimia 34.7. Kampuni zilizotajwa zilirekebisha mifumo yao, na makosa yakapungua. Ilihitaji watu waliokuwa wameachwa nje ya kipimo kukikagua kipimo chenyewe.

Wengi huishia hapo na kusema dawa ni kuongeza nyuso zetu kwenye data. Historia inatuonya kwamba dawa hiyo ni nusu tu. Mwaka 1970, wafanyakazi wawili weusi wa kampuni ya Polaroid huko Cambridge, Massachusetts, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba teknolojia ya kampuni yao ya kutengeneza vitambulisho vya picha kwa haraka ilikuwa ikitumika Afrika Kusini, katika utawala uliowalazimisha Waafrika kutembea na vitabu vya pasi. Walianzisha kampeni ya kuisusia kampuni hiyo, na Hunter akafukuzwa kazi. Polaroid ilijiondoa Afrika Kusini mwaka 1977. Katika mkasa huu, Mwafrika hakudhulumiwa kwa kutoonekana na kamera. Alidhulumiwa kwa kuonekana nayo, kwa matakwa ya mtawala.

Kwa hiyo yapo maswali mawili, na moja halichukui nafasi ya lingine. La kwanza: mfumo huu ulipimwa kwa nani? La pili: nani ameamua utumike, na anayeumizwa nao atalalamika wapi? Januari 2020, Mahakama Kuu ya Kenya ililigusa swali la pili katika kesi ya Huduma Namba: ilikataza ukusanyaji wa vinasaba na wa mahali pa makazi kwa GPS, na ikataka kwanza kuwe na kanuni za kutosha za kusimamia mfumo huo.

Mtumishi wa umma anayesaini mkataba wa kununua mfumo wa kutambua nyuso au wa kuchambua maombi ya mikopo ana haki ya kudai majibu ya maswali hayo kwa maandishi, tena kabla ya malipo. Mwanafunzi anayesomea kuunda mifumo hiyo naye ayaulize angali chuoni. Hunter na Williams hawakuwa mawaziri wala wakurugenzi; walikuwa wafanyakazi waliouliza kazi ya mikono yao inakwenda wapi.