Vyama vya wanafunzi katika chuo kikuu: mambo ambayo makanisa yetu yanapaswa kujua

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotoka, makanisa yetu ya Mashariki hufurahi. Vijana waliopata diploma husimama mbele ya kanisa, mchungaji huwaombea, wamama huchanga kidogo cha kuongezea minervali, kisha kijana hufunga safari kuelekea Goma, Bukavu, Butembo, Beni, Bunia ao Kisangani. Tunaomba juu ya masomo yake na juu ya afya yake. Lakini mara chache tunauliza: nani atampokea huko?

Profesa humwona mwanafunzi saa chache tu, tena akiwa katikati ya mamia ya wengine. Saa zinazobaki ziko mikononi mwa wanafunzi wenyewe na vyama vyao. Sisi tulipofika chuoni kwa mara ya kwanza, hatukujua mtu. Jioni ile ile vijana wawili wa teritwari yetu walibisha mlango wakiwa na orodha ya majina. Walitupatia godoro, bugali na sombe, wakatuandika katika chama chao. Kanisa la mtaa ule lilitujua miezi mitatu baadaye. Ndiyo sababu tumeona vema kueleza hapa vyama hivyo ni vipi, vinafanya nini, na wapi mzazi na mchungaji wanapaswa kuwa macho.

Historia kwa ufupi

Vyuo vikuu vya kwanza vya nchi yetu vilikuwa vitatu: Lovanium ya Wakatoliki huko Kinshasa, iliyofunguliwa 1954, chuo cha Serikali huko Lubumbashi, kilichofunguliwa 1956, na Université Libre du Congo ya Waprotestanti huko Kisangani, iliyofunguliwa 1963. Mwaka 1961 wanafunzi waliunda umoja wao wa nchi nzima, UGEC. Umoja huo ulisema waziwazi juu ya mambo ya taifa, na utawala wa Mobutu ukaufunga mwaka 1968.

Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi waliandamana Kinshasa, askari wakawapiga risasi na wengi wakafa. Miaka miwili baadaye, wenzao wa Lovanium walipotaka kuwakumbuka, waliingizwa jeshini kwa nguvu. Katika mwaka huo wa 1971 vyuo vitatu viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, na chama kilichoruhusiwa kati ya wanafunzi kikabaki JMPR, yaani vijana wa chama cha Serikali. Mwaka 1981 vyuo vilitenganishwa tena: Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani.

Tukumbuke pia Lubumbashi, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi waliposhambuliwa na kuuawa ndani ya makao yao. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Siku zilizotangulia usiku ule, wanafunzi walikuwa wameanza kupigana wao kwa wao, wakishuku kwamba baadhi ya wenzao ni wapelelezi wa utawala. Chuo kilichogawanyika ndani hakikuwa na nguvu ya kujikinga.

Leo Katiba ya 2006, katika kifungu cha 37, inatoa uhuru wa kuunda vyama. Kwa hiyo chama cha wanafunzi si jambo la uasi. Ni haki ya raia, na kama kila haki inaweza kutumiwa vizuri ao vibaya.

Mkubwa wa promosio na komite ya wanafunzi

Kila promosio huchagua mkubwa wake, anayeitwa CP, pamoja na msaidizi. Kazi yake inaonekana ndogo, lakini ni yeye anayepatana na profesa juu ya saa za masomo, anayepeleka malalamiko kwa fakilte, anayetangaza mitihani na kugawa silabasi. Juu ya ma-CP kuna wajumbe wa fakilte, na juu yao komite ya chuo kizima yenye msemaji ao prezida. Jina hutofautiana toka chuo hadi chuo.

Hapa ndipo kijana anajifunza uongozi kwa mara ya kwanza, na hapa pia wengi wanajifunza rushwa kwa mara ya kwanza. CP hupitisha mikono yake kwenye pesa za wenzake: pesa za silabasi, pesa za safari ya masomo, na wakati mwingine pesa zinazosemwa kuwa ni za kumshukuru asistenti ili alama ziwe nzuri. Kijana wa kanisa akichaguliwa kuwa CP, asikimbie. Aandike kila franga iliyoingia na iliyotoka, na aisome hesabu hiyo mbele ya promosio nzima. Akiombwa kukusanya pesa ambayo hakuna karatasi inayoieleza, ajue kukataa, na ajue kwamba kuna mchungaji anayeweza kumpigia simu siku hiyo.

Mitualite

Mitualite ni chama cha wanafunzi waliotoka mahali pamoja: teritwari, kolektivite, kabila, ao shule moja ya sekondari. Wanachama hutoa mchango mdogo. Mmoja akilazwa hospitali, mitualite inamtembelea. Akifiwa, inachanga. Akifukuzwa na mwenye nyumba, inamtafutia kitanda. Mwisho wa mwaka inafanya karamu ya waliomaliza masomo.

Hatuwezi kusema mitualite ni mbaya. Tuliwahi kumzika mwanafunzi mwenzetu aliyekufa kwa homa. Mitualite yake ilileta sanduku na kulipa gari la kumrudisha nyumbani. Sisi watu wa kanisa tulifika siku ya tatu, tukiwa na kwaya. Familia ilitushukuru kwa nyimbo, lakini tulijua nani alibeba mzigo.

Hatari inakuja wakati wa uchaguzi wa komite na wakati wa vita. Hapo mitualite inaweza kuacha kuwa mfuko wa msaada na kuwa jeshi la kura. Wagombea hawaulizwi watafanya nini; wanaulizwa ni wana wa nani. Maneno yanayosemwa kule kijijini juu ya jirani yanasafiri kwa simu mpaka ndani ya oditwari, na wanafunzi waliokaa benchi moja mwaka mzima wanaacha kusalimiana. Katika nchi hii yetu ya Mashariki, ambako damu imemwagika kwa sababu ya kabila na ardhi, mkristo hawezi kunyamaza mbele ya jambo hilo.

Kitabu cha Matendo, sura ya 6, kinatupatia njia. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na malalamiko ya namna hiyo: wajane wa wale waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika ugawaji wa chakula. Mitume hawakusema kwamba malalamiko ni uongo, wala hawakuunda meza mbili. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, na majina ya wale saba ni ya Kigiriki. Upande uliolalamika ulipewa kazi ya kuhudumia wote. Tunawashauri vijana wetu: mkae ndani ya mitualite, mtoe mchango, mbebe wagonjwa. Lakini siku inapoagizwa kumchukia mtu wa mitualite nyingine, muwe wa kwanza kusimama na kusema hapana, tena muanze kumtembelea mgonjwa wao.

«Ubatizo» wa wanafunzi wapya

Wanafunzi wapya, wale wanaoitwa «bleu», hukutana na desturi iliyotoka kwa vyuo vya Ubelgiji: wakubwa huwapitisha katika mateso madogo na makubwa. Wanaimbishwa nyimbo za aibu, wanamwagiwa maji machafu, wanaamriwa kunywa pombe, na wasichana wanatendewa mambo ambayo hawayasimulii nyumbani. Wengine wanaita jambo hilo ubatizo. Wakuu wa vyuo wameikataza desturi hiyo mara nyingi, lakini katika makao ya wanafunzi inarudi usiku.

Neno ubatizo kwetu ni la kumpokea mtu katika uhai mpya. Hatuwezi kuliacha litumiwe kwa kumvunja mtu heshima. Wazazi, mwambieni mtoto mapema kwamba ana haki ya kukataa, na kwamba akiumizwa asifiche. Na ninyi vijana mliokwisha kupita, msilipize kwa wadogo yale mliyotendewa.

Vikundi vya Biblia na uchungaji wa chuo

Kikundi kinachojulikana zaidi kati ya Waprotestanti ni GBU, yaani Groupe Biblique Universitaire. Kinaongozwa na wanafunzi wenyewe, kinapokea watu wa makanisa yote, na msingi wake ni kusoma Biblia pamoja katika vikundi vidogo na kuuliza maswali. GBU ni sehemu ya ushirika wa dunia, IFES, ulioanzishwa 1947. Toka 2007 hadi 2019 katibu mkuu wa ushirika huo alikuwa Mwafrika, Daniel Bourdanné wa Chad, mtu aliyesomea sayansi ya wanyama mpaka udaktari. Tunamtaja kwa sababu vijana wengi wanadhani ni lazima kuchagua kati ya sayansi na imani.

Vyuo vya Kiprotestanti vina pia mchungaji wa chuo na ibada zao: ULPGL huko Goma, iliyoanza 1985, UEA huko Bukavu, iliyoanza 1991, Chuo Kikuu cha Shalom huko Bunia, chenye mizizi katika shule ya theolojia ya 1961, na UCBC huko Beni, iliyoanza 2007, ambayo hufundisha kwa Kifaransa na Kiingereza.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, GBU si kanisa. Mwanafunzi anahitaji pia kanisa la mtaa, lenye wazee, watoto na wajane, ambako atakumbuka kwamba dunia si ya vijana peke yao. Pili, kuna vikundi vya maombi vinavyomzunguka kijana mmoja anayejiita nabii, anayeamuru kufunga siku nyingi wakati wa mitihani na kutabiri nani aoe nani. Kikundi kisichokubali kuulizwa swali kikimbiwe.

Vilabu na harakati za raia

Kuna kilabu cha Kiingereza, ambacho katika miji yetu ni shule ya pili; kuna mijadala, michezo kati ya fakilte, kwaya, na katika fakilte za sheria vituo ambako wanafunzi hushauri watu maskini juu ya haki zao. Hivi vyote ni vizuri kama havimezi saa za masomo.

Nje ya chuo kuna harakati za raia. LUCHA ilianza Goma mwaka 2012, na wanafunzi wengi walikuwa ndani yake, wakidai kazi, maji na amani bila silaha. Wengine walifungwa gerezani. Makanisa mengine yaliwakemea, mengine yaliwapelekea chakula. Hatumwamulii kijana yeyote, lakini asiachwe kufikiri peke yake. Akija kwako, mchungaji, msikilize kabla ya kumjibu.

Makanisa yafanye nini

Kwanza, kabla ya kijana kuondoka, mchungaji aandike barua ao apige simu kwa kanisa la mji anakokwenda: jina, fakilte, namba ya simu. Pili, kanisa lililo karibu na chuo lichague familia mbili tatu za kupokea wanafunzi wapya juma la kwanza, watoto wa kabila lolote, kwa sahani moja. Tatu, tuweke mfuko mdogo wa dharura kwa wanafunzi wagonjwa na waliofiwa, ili tusifike tena siku ya tatu. Nne, wakati wa likizo, tumpe mwanafunzi nafasi ya kusimulia mbele ya kanisa: yuko katika chama gani, na anafanya nini humo.

Orodha ya mitualite ilikuwa na majina yetu kabla hatujafika. Mwaka huu, majina ya vijana wetu yawe pia katika daftari ya kanisa. Bwana awalinde wanafunzi wetu wote, walio karibu na walio mbali.