Umri wa Baiskeli Usisomwe Kwenye Nembo

Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, baiskeli kuukuu hupewa umri kwa kutazama nembo yake. Ikiwa ni Raleigh, watu husema ni ya enzi za mkoloni. Ikiwa ni Phoenix, husema ni ya enzi za Mwalimu. Njia hiyo ni nyepesi, lakini huzaa historia ya uongo, kwa kuwa jina ndilo shahidi dhaifu kuliko wote ambao chombo kinaweza kutoa. Liuli, katika mwambao huohuo, ingepaswa kulijua hilo kuliko mahali pengi. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, na hapo ndipo mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen ilipoishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Baadaye Waingereza waliichukua meli hiyo na kuiita King George. Mtu ambaye angekadiria umri wa bodi yake kwa jina hilo jipya angekosea kwa miaka mingi. Kosa hilo hilo hufanyika kila siku kwenye baiskeli.

Chanzo cha mkanganyiko kiko viwandani. Raleigh ilianza Nottingham katika miaka ya 1880, Hercules na BSA zilikuwa za Birmingham, na Phillips ilitoka Smethwick, jirani na Birmingham. Kila jina lilikuwa na karakana yake. Lakini mwaka 1957 Raleigh ilinunua biashara ya baiskeli za BSA, na mwaka 1960 ikaunganishwa na kampuni zilizomiliki Phillips na Hercules. Tangu hapo majina yaliyokuwa yakishindana yakawa chini ya paa moja, na fremu za ukoo mmoja zikaweza kuvaa nembo tofauti. Kabla ya hapo India, iliyokwisha kujitawala, ilikuwa imeanza kuunda baiskeli za majina hayohayo: kampuni ya TI Cycles iliundwa Madras mwaka 1949 na kuunda Hercules, na Sen-Raleigh ikaunda Raleigh huko Asansol. Kwa hiyo Hercules iliyoegemezwa ukutani Liuli inaweza kuwa ya Birmingham kabla ya vita vya pili vya dunia, ya Nottingham katika miaka ya 1960, au ya Madras wakati wowote baada ya 1949. Nembo peke yake haiwezi kuamua.

Ushahidi wenye uzito uko kwenye chuma chenyewe. Kwanza ni jina la nchi lililogongwa kwenye krenki, breki au habu, kwa maana India na Uingereza hujitaja hapo hata rangi ikishafutika. Pili ni nyuzi za vikombe vya krenki: Raleigh ya Nottingham kwa muda mrefu ilikata nyuzi 26 kwa inchi, ilhali viwanda vingine vingi vya Uingereza vilikata 24. Fundi akiona kikombe cha kawaida kinakataa kuingia kwenye fremu, chuma kimemwambia jambo ambalo nembo haikulisema. Tatu ni habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer, pale ilipo. Kwa miongo mingi kiwanda hicho kiligonga mwaka na mwezi juu ya habu, hivyo tarakimu 58 na 3 humaanisha Machi 1958. Kanuni inayounganisha dalili hizi ni moja: baiskeli haiwezi kuunganishwa kabla ya kipuri kipya kuliko vyote miongoni mwa vile ilivyotoka navyo kiwandani.

Wapo watakaosema kwamba namba ya fremu inatosha. Ingetosha kama vitabu vya viwanda vingekuwepo vyote, lakini kumbukumbu za Raleigh zina mapengo na namba zake zilirudiwa katika vipindi tofauti. Namba husaidia ikiungwa mkono na dalili nyingine. Pingamizi zito zaidi ni la vipuri: baiskeli nyingi za pwani hii zimebadilishwa magurudumu, cheni na viti mara nyingi, na nyingi hazikuwahi kuwa na gia. Ni kweli, na ndiyo sababu fremu ihukumiwe peke yake, na kila kipuri kipewe tarehe yake. Tukifanya hivyo, mabadiliko yenyewe huwa ushahidi. Chuma cha Uingereza hutukumbusha uchumi wa kikoloni. Cha China, kama cha Phoenix, hutukumbusha miaka ya ujenzi wa reli ya TAZARA, 1970 hadi 1975, ambapo bidhaa za China ziliuzwa nchini ili kulipia gharama za ndani za reli. Nembo ya Swala inatukumbusha azma ya taifa ya kujiundia baiskeli zake. Vipuri vya India vilivyojaa madukani baada ya serikali kulegeza uagizaji mwaka 1984 vinaeleza mwisho wa miaka ya uhaba. Fremu moja inaweza kubeba vipindi hivyo vyote.

Pingamizi la mwisho ni la heshima: je, tumkatalie mzee anayekumbuka mwaka baiskeli ilipoingia nyumbani? Hapana. Kumbukumbu yake ni ushahidi wa mwaka wa kununua, na chuma ni ushahidi wa mwaka wa kuundwa. Baiskeli iliyopitia mikono mingine inaweza kuwa na miaka kumi kati ya hiyo miwili. Historia kamili inahitaji yote mawili, na yote mawili yanapotea, wazee kwa kufariki na fremu kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wanaolipa kwa kilo. Mwenye baiskeli ya zamani Liuli, Mbinga au Mbamba Bay asiipake rangi mpya kabla ya kunakili kila namba na kila herufi iliyogongwa, aandike pembeni maneno ya aliyeinunua, na daftari hilo alitunze pamoja na hati za familia.