Kamba ya Tanga, Nyasi za Ugenini

Ukisoma kumbukumbu za watu waliokulia mashambani Marekani au Uingereza katika miaka ya 1950, hukosi kukutana na robota la nyasi kavu. Wanalisimulia kama sisi tunavyosimulia kuchota maji mtoni, kwa majivuno kidogo na uchungu kidogo. Mashine imeshapita, marobota yametapakaa shambani yakiwa bado na joto la jua, na kijana wa miaka kumi na minne anatakiwa ayapakie kwenye trela kabla mvua haijashuka. Kila moja lina kilo ishirini, hata thelathini. Analishika kwa kamba zake mbili, analiegemeza gotini, analisukuma kwa paja, analirusha juu. Halafu jingine, mpaka jua lizame. Jioni mikono imechanjwachanjwa na mabua, na kwenye vidole kuna mistari myekundu pale kamba ilipokata.

Mimi hiyo kamba ndiyo inayonishughulisha. Wasimulizi wengi hawaitazami mara mbili. Lakini ilikuwa kamba ya katani, na nchi iliyoongoza duniani kwa kuzalisha katani wakati huo ilikuwa Tanganyika.

Zamani marobota yalifungwa kwa waya. Watu wawili walikaa huku na huku ya mashine, katikati ya vumbi, mmoja akipenyeza waya na mwenzake akikaza. Mwishoni mwa miaka ya 1930 fundi wa Pennsylvania, Edwin Nolt, akaunda mashine inayookota nyasi, kuzishindilia na kufunga fundo yenyewe kwa kamba. Kampuni ya New Holland ikaanza kuiuza mwaka 1940. Kuanzia hapo mtu mmoja na trekta walifanya kazi ya kikosi kizima, isipokuwa kuyabeba. Kubeba kulibaki kwa binadamu.

Na kamba ilishinda waya kwa sababu zilizo wazi. Kipande cha waya kikibaki ndani ya nyasi, ng'ombe hukimeza, kikamtoboa tumbo. Katani huoza tu. Sifa hiyohiyo ilikuwa na usumbufu wake: robota likilala kwenye udongo wenye unyevu, kamba huoza kabla ya nyasi, ukiliinua linafumuka mikononi. Ndiyo maana wenye uzoefu walipanga safu ya chini ghalani kwa ubavu, kamba zisiguse sakafu. Panya nao waliipenda. Jambo jingine walilolijua ni kuchomeka mkono katikati ya robota jipya. Nyasi zikifungwa zikiwa bado na unyevu, vijidudu huanza kazi ndani, joto hupanda siku hadi siku, na ghala zima linaweza kuungua bila mtu kuwasha kiberiti.

Sasa tuje upande wetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai kwetu ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Sitini na miwili! Darasa moja la shule ya msingi lina watoto zaidi ya hao. Kutoka kwenye miche hiyo yakaja mashamba ya Tanga, ya Morogoro, na yale yaliyofuata reli. Vita Kuu ya Pili ilipokuja na Wajapani wakaiteka Ufilipino, nchi washirika zikapoteza katani ya huko, na macho yote yakageukia mkonge wetu. Serikali ya kikoloni ilifika hadi kutumia kazi ya lazima mashambani humo.

Waliokata mkonge wengi hawakuwa wenyeji wa Tanga. Waliletwa kutoka mbali, wengine kutoka nje ya mipaka, wakapewa namba, na namba ikawa jina lao: manamba. Mkataji alianza alfajiri, akakwepa miiba ya ncha, akakata majani, akayafunga matita ya thelathini thelathini. Majani yakaenda kwenye korona kusagwa, nyuzi zikaanikwa juani, zikapigwa brashi, kisha zikashindiliwa kuwa marobota. Ndiyo, marobota. Kilo 250 kila moja, yakipakiwa melini ili yakasokotwe kamba za kufungia marobota mengine. Yule kijana wa trela na mkata mkonge walishika uzi uleule kwenye ncha zake mbili, na hakuna aliyemfahamu mwenzake. Shafi Adam Shafi aliwapa wachukuzi wa bandari ya Zanzibar riwaya yao katika Kuli. Kwa manamba, mimi bado sijasoma inayonikaa moyoni namna hiyo.

Mwaka 1964 uzalishaji ulipita tani 230,000. Miaka thelathini na kitu baadaye ulikuwa umebaki kama tani 20,000. Kijiweni utaambiwa ni Azimio la Arusha na utaifishaji wa 1967, basi. Utaifishaji ulichangia, sikatai; mashamba yaliendeshwa vibaya, na vipuri vikawa shida. Lakini angalia tarehe: bei ilianza kuporomoka katikati ya miaka ya 1960, kabla Azimio halijaandikwa. Viwanda vya ng'ambo vilikuwa vimepata kamba ya plastiki. Ni nyepesi, haiozi, panya hawaitaki. Kisha mwaka 1971 Gary Vermeer wa Iowa akaleta mashine ya robota kubwa la mviringo, zito kiasi kwamba hakuna mtu awezaye kuliinua. Likishikwa, linashikwa na chuma cha trekta. Baadaye likaanza kuvikwa wavu wa plastiki, kamba ikakosa kazi hata hapo.

Robota dogo la kubebwa kwa mkono halijafa, hata hivyo. Kwa wafugaji wadogo wa huku kwetu nyasi hushindiliwa kwa miguu ndani ya sanduku la mbao lisilo na kifuniko, zikafungwa, zikavutwa nje. Niliyoyaona, mengi yamefungwa kwa kamba ya plastiki. Ng'ombe akiimeza haiyeyuki, inajikunja tumboni kama mpira.