Maji ya Kisima Yalipoulizwa Nasaba Yake

Mtu wa pwani hahitaji maabara kujua kwamba kisima kimeharibika. Chai huwa na chumvi, na sabuni haitoi povu. Lakini ulimi haujui chumvi hiyo imetoka wapi: baharini, au kwenye udongo wenyewe? Wala haujui kama tunakunywa mvua ya juzijuzi au akiba iliyozama ardhini kabla babu zetu hawajazaliwa.

Jibu la kwanza lilitoka kwenye fukwe za Bahari ya Kaskazini. Mwishoni mwa karne ya 19 Mholanzi Badon Ghijben, kisha Mjerumani Herzberg mwaka 1901, walieleza kuwa maji matamu, kwa wepesi wake, huelea chini ya ardhi juu ya maji ya bahari. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, takriban mita 40 zimelala chini yake. Hesabu hiyo ni onyo pia: pampu ikishusha maji kwa mita 1, baada ya muda chumvi inaweza kupanda mita 40.

Swali la asili ya maji lilisubiri atomi. Oksijeni nzito, oksijeni-18, iligunduliwa mwaka 1929. Haidrojeni nzito ikafuata mwaka 1931, kazi iliyompa Harold Urey Tuzo ya Nobel. Mwaka 1961 Harmon Craig alipima sampuli zipatazo 400 za mito, maziwa, mvua na theluji, akaona viwango vya atomi hizo mbili vikifuatana kwenye mstari mmoja. Maji yaliyopunguzwa na jua huuacha mstari huo. Yaliyochanganyika na bahari huongezeka chumvi na oksijeni nzito kwa pamoja. Yaliyoyeyusha chumvi ya udongo huongezeka chumvi peke yake.

Umri nao ulipatikana kwa njia ya kusikitisha. Mabomu ya haidrojeni yaliyojaribiwa kuanzia miaka ya 1950 yalijaza mvua tritiamu, yaani haidrojeni yenye mionzi, ambayo hupungua kwa nusu kila miaka 12 na ushei. Kisima chenye alama hiyo kinapokea mvua ya karibuni; kisicho nayo huenda kinaishi kwa akiba ya kale.

Mwaka huohuo wa 1961 ulianza mtandao wa dunia wa kupima atomi hizi katika mvua, na chupa za Dar es Salaam na Entebbe zimo katika kumbukumbu zake. Basi kipimo cha kulinganishia tunacho. Dar es Salaam leo imejaa visima virefu, na miji mingine ya pwani inaifuata. Ulimi hutuambia bahari imefika wakati imeshafika. Chupa moja ya maji, ikipimwa kabla pampu haijafungwa, hutuambia kama mvua inarudisha kile tunachochota.