Jina Moja Halikufikishi kwa Babu

Ukianza kutafuta ukoo wako hapa Bujumbura, swali la kwanza ni jina. Babu yako aliitwa nani? Unalitaja, na safari inakwama hapo hapo. Si kwamba wazee walidanganya. Katika mji huu mmoja kuna desturi tatu za majina, na kila moja inaonyesha kitu na kuficha kingine.

Tuanze na Warundi. Kwa desturi yao hakuna jina la ukoo. Baba, mama na watoto wanane wanaweza kuwa na majina kumi tofauti, na wote ni nyumba moja. Jina linaeleza namna mtoto alivyokuja. Bukuru na Butoyi ni mapacha, Ciza ni aliyewafuata. Nyandwi ni wa saba, Minani wa nane, Bucumi wa kumi. Mengine ni sala, mengine ni maneno ya kumfikia jirani. Basi ukiuliza tu "Nyandwi", utaonyeshwa Nyandwi wengi mpaka uchoke. Lakini jina hilo hilo limekwisha kukuambia jambo kubwa: kabla yake walizaliwa sita. Hao sita ni nani? Waliishia wapi?

Ukiingia kartie ya Buyenzi, hesabu inabadilika. Pale mtu ni Hasani wa Juma wa Ramadhani, mnyororo unaopanda kwa baba na babu. Wazee wa jamii hii wengi walifika kutoka Ujiji na Manyema, wengine wafanyabiashara, wengine wapagazi, wengine askari wa Mjerumani, aliyejenga boma lake Usumbura mwishoni mwa miaka ya 1890. Mbelgiji alipoichukua nchi mwaka 1916 aliwakuta. Sasa panda ule mnyororo mpaka juu. Mara nyingi pete ya mwisho ni Abdallah, yaani mtumwa wa Mungu. Ndilo jina la baba ambalo aghalabu hupewa mtu aliyesilimu na baba yake hakuwa Mwislamu. Kwa hiyo pengine huyo Abdallah hakuwahi kuwepo. Nyuma yake yuko mtu wa Manyema mwenye jina lake la nyumbani, aliyetembea kwa miguu hadi ziwani, pengine akiwa amenunuliwa, na wajukuu wakaona aibu kuuliza. Aibu nayo inafuta majina.

Halafu tuko sisi na majirani zetu tuliovuka kutoka Kongo. Mwaka 1972 Joseph-Désiré Mobutu alijiita Mobutu Sese Seko, akawaamuru raia wote waache majina ya Kizungu. Mzee aliyebatizwa Joseph akawa mtu mwingine kwenye karatasi za serikali. Kwenye daftari la ubatizo la parokia bado ni Joseph. Ukiwa na jina moja tu, utaambiwa ati mzee huyo hayupo, kumbe yupo kwenye daftari la pili.

Mwaka huo huo wa 1972, Burundi ilipata Ikiza. Mwisho wa Aprili uasi ulizuka kusini na kuua Watutsi wengi. Kisha askari na vijana wa chama tawala wakawakamata na kuwaua Wahutu kwa maelfu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani. Waliokimbilia Tanzania wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na katika nyumba nyingi majina ya waliobaki nyuma hayakutajwa tena mbele ya watoto. Mwaka 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya pamoja huko Karusi, ikahesabu mabaki ya watu 6,032. Baadhi yao walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Fikiria hilo. Baada ya miaka karibu hamsini, kilichomrudisha mtu kwa watu wake hakikuwa kitambulisho. Ni kwamba alibaki mtu anayekumbuka miwani yake.

Mahali nako kunageuka. Aliyezaliwa komine Rumonge aliandikiwa mkoa wa Bururi. Mwaka 2015 Rumonge ikawa mkoa. Mwaka 2025 mikoa 18 ikafanywa mitano, na Rumonge sasa imo Burunga. Mtu hajahama hata hatua moja, lakini karatasi zinasema ametoka mikoa mitatu! Usumbura ikawa Bujumbura, Albertville ikawa Kalemie. Kinachodumu ni jina la kilima, la mto, la jirani wa mpakani. Waliorudi kutoka Tanzania kudai mashamba ya baba zao walilijua hilo, maana mara nyingi ushahidi wao ulikuwa wa mdomo: shamba linaishia wapi, nani alilima upande wa pili.

Kwa hiyo ukikaa na mzee, usitafute jina tupu. Uliza alikuwa mtoto wa ngapi, na wengine walikuwa nani. Uliza majina yote aliyoitwa: la nyumbani, la kanisani au msikitini, la kwenye buku. Tarehe usiilazimishe. Wengi wetu tumeandikiwa 1 Januari. Uliza kwa matukio: alizaliwa kabla au baada ya Rwagasore kupigwa risasi, Oktoba 1961? Kabla au baada ya uhuru wa 1962? Shangazi akisema tofauti na baba mdogo, andika maneno ya wote wawili, na nani kasema. Usiwapatanishe wewe.

Na ukubali ukimya. Katika nchi zetu, "babu yako ni nani?" limewahi kuwa swali la kumchagua mtu wa kufa. Mzee akinyamaza, anaweza kuwa analinda watoto wake. Mwambie unauliza kwa sababu gani, daftari litakaa wapi na nani atalisoma. Akisema jambo fulani lisiandikwe, lisiandikwe.

Nanyi mnaotujazia fomu, tunajua kompyuta inadai jina la ukoo. Ndugu wawili wa tumbo moja wakija na majina yasiyofanana, msiwashuku. Waulizeni jina la mama na la kilima. Anayetafuta ndugu kupitia Msalaba Mwekundu naye atahitaji hayo hayo: baba, mama, mahali alipoonekana mara ya mwisho. Mtoto aliyefundishwa mambo hayo mapema, hata akipotezana na wazazi barabarani, anajua la kujibu. Basi tuwafundishe leo jioni, wakati wanaoyajua bado wapo.