Daraja la Tatizo katika Upasuaji wa Watoto

Daraja la tatizo la upasuaji ni kipimo cha uzito wa jambo lililomtoa mgonjwa katika mkondo wa kawaida wa kupona. Uzito huo hupimwa kwa tiba iliyohitajika kulirekebisha. Ukubwa wa operesheni hauhesabiwi, na kipimo hakimtafuti mkosaji. Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri akapata homa iliyotulizwa na parasetamoli amepata tatizo. Mwenzake aliyerudishwa thieta siku ya nne kwa kuwa mshono wa utumbo umeachia naye amepata tatizo. Linalowatenganisha ni daraja.

Wodini, Tarime au Mugumu mkoani Mara, neno linalosikika ni komplikesheni. Kwa maandishi, tatizo la baada ya upasuaji linatosha. Lisichanganywe na madhara, yaani umizo linalobaki, kama korodani iliyosinyaa baada ya ngiri kurekebishwa. Lisichanganywe na kosa pia. Kidonda kinaweza kutunga usaha bila yeyote kukosea, na chupa ya damu isiyolingana na ya mtoto inaweza kugunduliwa kabla ya kutundikwa, kosa likapita bila mtoto kudhurika. Tukio lisilotarajiwa ni pana kuliko yote haya: linachukua tatizo la mwilini pamoja na hitilafu ya utendaji, hata ile ambayo haikumgusa mgonjwa.

Mfumo unaotumika zaidi duniani ni wa Clavien na Dindo. Pierre-Alain Clavien na wenzake walitoa sura yake ya kwanza mwaka 1992. Mwaka 2004, yeye na Daniel Dindo waliurekebisha baada ya kuujaribu kwa wagonjwa 6,336 huko Zürich. Daraja la I ni kasoro inayomalizwa kwa dawa chache za kawaida, kama za homa, maumivu na kutapika, au kwa kufungua kidonda kilichotunga usaha palepale kitandani. La II linahitaji dawa nyingine, kuongezewa damu au lishe ya mshipani. La III linahitaji operesheni au kazi nyingine ya mikono ya kitabibu: IIIa bila nusu kaputi, IIIb kwa nusu kaputi. La IV ni la mgonjwa mahututi anayehitaji uangalizi maalumu, na la V ni kifo.

Kwa mtoto, mgawanyo wa IIIa na IIIb unapotosha. Mtu mzima hutulia kwa ganzi wakati jipu linapotolewa usaha. Mtoto wa miaka mitatu hatulii, hivyo analazwa kwa nusu kaputi na jipu lilelile linapanda daraja. Umri ndio uliolipandisha, wala ugonjwa haujazidi. Ndiyo sababu madaktari wa upasuaji wa watoto wa Ulaya walitunga mfumo wa Clavien-Madadi, unaoacha kutumia nusu kaputi kama kigezo na kuhesabu pia matukio yatokanayo na mpangilio wa kazi. Yanayotokea mezani, tangu ngozi kukatwa hadi kufungwa, yana kipimo chake cha pembeni kiitwacho ClassIntra.

Mkoani Mara ugumu mkubwa uko kwenye kitenzi kuhitaji. Chukua mfano wa mtoto wa miaka minane ambaye utumbo wake umetobolewa na homa ya matumbo. Ugonjwa huu si mgeni Kanda ya Ziwa: utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2012, ulieleza wagonjwa 104 waliopasuliwa kwa sababu hiyo. Baada ya upasuaji katika hospitali ya wilaya, mtoto anaanza kuhema kwa shida na mkojo unapungua. Anapewa dripu, antibayotiki na oksijeni, kwa kuwa ndivyo vilivyopo. Anayesoma tiba aliyopata ataandika II. Hali yake, hata hivyo, ilihitaji chumba cha wagonjwa mahututi, na daraja sahihi ni IV. Kupima kwa tiba iliyopatikana kunaifanya hospitali yenye vifaa vichache ionekane salama kuliko ilivyo, na upungufu wenyewe unafichika.

Rufaa huongeza utata. Mtoto akipelekwa Musoma, kisha Mwanza kupitia Bunda na Magu, daftari la thieta alikoanzia linabaki na neno moja, rufaa, ambalo si daraja. Kule alikofika anaandikwa kama mgonjwa mpya aliyeletwa akiwa mahututi. Tatizo halihesabiwi popote. Dawa yake ni hospitali iliyompasua kupiga simu na kujaza daraja la mwisho katika daftari lake, kwa kawaida ndani ya siku 30 tangu operesheni.

Siku 30, hata hivyo, ni chache kwa mwili unaokua. Mfumo wa mwaka 2004 unaruhusu herufi d kuongezwa kwenye daraja pale mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani akiwa bado na tatizo, ili afuatiliwe. Kwa watoto herufi hiyo ina thamani ya pekee: kovu linalokunja kiwiko linazidi kukivuta kadiri mkono unavyorefuka. Ingizo kamili, basi, lina umri wa mtoto, operesheni, siku ya tukio, tiba iliyohitajika na iliyopatikana, daraja, na d inapostahili.